Zamu ya Maji na Saa ya Sala

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista na wajumbe wa Haki na Amani, Same)



Ndugu zangu wapendwa, wazee wetu, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliotoka hapa mjini na mlioteremka kutoka milimani: nimeombwa niseme nanyi juu ya ratiba katika maisha ya Mkristo. Maana yake ni yale mambo tuyafanyayo kwa saa yake na kwa siku yake pasipo kungoja moyo upende: sala ya asubuhi na ya jioni, Misa ya Dominika, mkutano wa jumuiya wa kila juma, zaka, mfungo wa Ijumaa, kuwatembelea wagonjwa.

Najua baadhi yenu mlipoiona mada hii mlistaajabu. Haki na Amani, mlisema, hushughulika na mashamba yaliyoporwa, na wajane wanaofukuzwa katika nyumba za marehemu waume zao, na rushwa, na ugomvi wa wakulima na wafugaji. Habari za sala ya asubuhi tuwaachie WAWATA na Legio Maria. Mimi naona tofauti. Nionavyo mimi, mnyonge hana ngao nyingine katika dunia hii ila utaratibu unaoshikwa na wote. Mwenye nguvu aweza kuishi bila utaratibu, maana atapata atakacho siku yoyote na kwa njia yoyote. Mnyonge hawezi. Tena moyo usiozoea kuwa mwaminifu kwa Mungu kwa saa yake, sijui utapata wapi uaminifu kwa jirani kwa saa yake.

Tufundishwe na ndiva

Tuanze na jambo ambalo watu wa Upare hatuhitaji mgeni atufundishe. Upande wa mashariki wa milima yetu hupata mvua ya kutosha. Upande wa magharibi, huu uielekeao barabara kuu kutoka Same kwenda Makanya na Hedaru, umebaki mkavu, kwa kuwa milima imekwisha kuyapokea mawingu kabla hayajafika huku. Wazee wetu hawakukaa kulalamika. Zamani, kabla Wajerumani hawajaingia katika milima hii, koo zilichimba mifereji na kujenga ndiva. Vijana waliokulia mjini huenda wanalisikia neno hilo tu, kwa hiyo nitaeleza kidogo.

Kijito cha mlimani kina maji machache. Ukiyapeleka moja kwa moja katika mfereji mrefu, ardhi itayanywa njiani na shamba la mbali halitaona hata tone. Basi maji yale hukusanywa usiku kucha katika bwawa dogo lililozungushiwa kingo za udongo na mawe. Bwawa hilo ndilo ndiva. Asubuhi kizibo hufunguliwa, na yale maji yaliyokuwa kama uzi mwembamba usiku huteremka kwa nguvu moja mpaka mashamba ya chini. Jioni kizibo hufungwa tena. Bangalala wanayo ndiva ya Manoo, na vijiji vingine vina zake, kubwa kwa ndogo.

Sasa tazameni yaliyomo katika kazi hiyo. Iko saa ya kufunga na iko saa ya kufungua. Ziko zamu: leo maji ni ya hawa, kesho ni ya wale. Uko msaragambo, siku ambayo watu wote hutoka na majembe kuzoa tope na kuziba nyufa za mfereji, na asiyetoka hutozwa faini au hunyimwa maji. Asiyefunga kizibo jioni moja tu, amewanyima watu wa kesho. Hawezi kusema, "Nitakifunga keshokutwa mara mbili." Maji ya usiku ule yamekwisha kwenda, wala hayaitwi yakarudi.

Na ni nani anayelindwa na zamu? Mwenye mashine ya kuvuta maji hana haja nayo sana. Kijana mwenye mabavu aweza kwenda usiku akauchepusha mfereji, na asubuhi akamtazama kila mtu usoni bila haya. Lakini yuko mama mjane mwenye robo eka ya mahindi na maharage kule chini, mwisho wa mfereji. Hana mashine, hana mabavu, hana shemeji kwenye kamati. Anacho kitu kimoja tu: Alhamisi ni zamu yake. Siku zamu zitakapovurugika, kwa sababu mwenyekiti amesafiri, au kwa sababu mtu mkubwa ameomba apewe "kidogo tu", wa kwanza kukosa atakuwa yeye. Hata hatasikika akilia, maana yuko mbali na ndiva.

Mana ya jangwani ilikuwa na sheria iyo hiyo. Katika Kitabu cha Kutoka watu waliambiwa waokote ya siku moja kwa siku moja, na siku ya sita ya siku mbili. Aliyetaka kujiwekea akiba isiyo ya siku yake, aliikuta asubuhi imeoza na ina wadudu. Mungu hakuwa akiwafundisha jinsi ya kula tu. Watu wale walikuwa wametoka utumwani, ambako ratiba yao yote ilikuwa ya Farao. Jangwani walifundishwa ratiba ya watu huru, ambayo ndani yake hakuna aliyekuwa na ziada wala aliyepungukiwa.

Saa ya tisa

Bwana wetu mwenyewe alikuwa mtu wa desturi. Mwinjili Luka asimulia kwamba alipofika Nazareti aliingia katika sinagogi siku ya sabato kama alivyozoea, akasimama asome. Humo ndimo alimopewa chuo cha nabii Isaya, akasoma juu ya maskini kuhubiriwa habari njema na walioonewa kuachwa huru. Sisi wa Haki na Amani tunalipenda sana somo hilo; limo katika semina zetu zote. Lakini tusisahau kwamba tangazo lile halikutolewa katika mkutano wa pekee wenye wageni wa heshima. Lilitolewa katika sabato ya kawaida, katika sinagogi la kijijini kwao, na mtu ambaye kila sabato alikuwa akienda.

Mitume waliipokea desturi hiyo. Na hapa sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati. Msomaji wa Ulaya akikuta katika Matendo ya Mitume kwamba Petro na Yohane walikwea kwenda hekaluni saa ya tisa, yambidi kupiga hesabu ajue ni saa ngapi. Sisi twahesabu kama walivyohesabu wao, tangu jua linapochomoza: saa tisa ni saa tisa alasiri, jua linapoanza kulegea. Ilikuwa saa ya kusali. Mlangoni walimkuta kiwete aliyekuwa akibebwa na kuwekwa pale kila siku aombe sadaka. Yule naye alikuwa na ratiba yake! Ratiba ya umaskini huwa ni kali kuliko ya mtawa yeyote. Kama Petro na Yohane wangekuwa watu wa kwenda hekaluni siku moyo unapopenda, wangepishana naye. Walimkuta kwa sababu saa yao ya sala na saa yake ya taabu zilikutana mlangoni.

Mtu mwenye saa zake hujulikana alipo. Jambo hili laweza kuwa la hatari. Maadui wa Danieli walimkamata kwa urahisi kwa kuwa alipiga magoti mara tatu kila siku, dirisha likiwa wazi. Yuda alijua pa kumpeleka askari usiku ule, maana Yesu alizoea kwenda mahali pale pamoja na wanafunzi wake. Lakini huko kujulikana ndiko pia kunakomfanya mgonjwa, mjane na mfungwa wajue watamkuta nani, wapi na siku gani. Mkristo asiye na saa hawezi kuotewa na adui, kweli. Wala maskini hamwoni.

Naomba tuwe wakweli mbele ya jirani zetu. Hapa Same, alfajiri kabla kengele ya kanisa haijagongwa, adhana imekwisha kusikika. Jirani yetu Mwislamu anaacha biashara yake mara tano kwa siku, na mwezi wa Ramadhani hauahirishwi kwa sababu ya kazi nyingi. Waadventista Wasabato wako katika milima hii tangu mwaka 1903, walipofika Mamba. Kila mtoto wa Upare anajua kwamba jua likichwa Ijumaa, Msabato amefunga kazi, na Jumamosi humkuti kwenye meza yake ya nyanya. Mkatoliki je? Nani katika soko la Same anaweza kusema, "Leo huyu hatumkuti, ni siku yake"? Sisemi haya ili tushindane na jirani. Nasema kwa sababu sisi tumeziweka saa zetu katika vitabu, wao wakaziweka katika siku zao.

Maana saa tunazo. Kengele ya Malaika wa Bwana hugongwa mara tatu, saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Wabenedikti waliojenga Peramiho tangu mwaka 1898 na Ndanda tangu mwaka 1906 walileta kanuni ya Mtakatifu Benedikto, abati wa karne ya 6, ambayo huigawa siku katika sala, kazi na kusoma. Wengi hukumbuka mashamba, karakana na hospitali zao, wakasahau kwamba vyote hivyo vilisimama juu ya kengele. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikumbusha kwamba Sala ya Kanisa ya kila siku yafaa isaliwe na walei pia, si mapadre na watawa peke yao. Na tunaye Mwalimu Nyerere, Mtumishi wa Mungu, ambaye nchi nzima ilimjua kuwa mtu wa Misa ya kila siku. Ninaposikia kiongozi wa kitongoji akisema kazi zimemzidi hapati nafasi ya kusali, hujiuliza kama kitongoji chake ni kikubwa kuliko Tanzania.

Nikiwa seminarini tulifundishwa kwamba kengele ni sauti ya Mungu. Baadhi yetu tulinung'unika kwamba Mungu huyu anaamka mapema mno. Lakini nimeona jambo moja tangu nilipoanza upadre: shida humkuta mtu akiwa na kile alichokizoea. Katika chumba cha mgonjwa mahututi sijaona anayejifunza sala mpya. Husali ile aliyoisali miaka yote, na midomo inaendelea hata fahamu zinapopotea.

Ndiva iliyojaa tope

Hata hivyo, liko neno la upande wa pili, nalo lazima lisemwe katika mkutano wa Haki na Amani kuliko mahali pengine popote. Nabii Amosi aliwaambia watu wa Israeli kwamba Mungu anazichukia sikukuu zao, wala hapendi kelele za nyimbo zao, mpaka hukumu ya haki itiririke kama maji. Isaya aliwaambia wafungao saumu huku wakiwakandamiza wafanyakazi wao kwamba saumu ya namna hiyo haisikiki juu. Na Bwana wetu aliwakemea wale waliotoa zaka hata ya mboga za bustanini wakaacha haki na rehema. Watu hao wote walikuwa na ratiba nzuri! Hawakukosa hata sabato moja.

Basi ratiba peke yake haimwokoi mtu. Turudi kwenye ndiva. Kila msimu wa mvua mto huleta tope. Msaragambo usipofanyika, tope linajaa polepole. Ukiitazama kutoka juu ndiva bado inaonekana imejaa. Maji yanang'aa, kingo zimesimama. Lakini kina hakuna. Asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanakwisha kabla ya kufika shamba la pili. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye Rozari haimpiti hata siku moja, lakini kibarua wake anadai ujira wa palizi ya vuli na sasa ni masika. Dawa yake si kubomoa ndiva. Nimewasikia vijana wakisema, "Afadhali asiyesali kuliko mnafiki asaliye." Maneno hayo yana utamu, lakini hayamwagilii shamba la mtu. Dawa ni kuzoa tope, ndiyo maana Kanisa likaweka, ndani ya ratiba yenyewe, kitubio na Kwaresima na ule muda mfupi wa kujichunguza dhamiri kila jioni. Dakika tano kabla ya kulala, umejiuliza swali moja tu: leo ni nani ananidai?

Waliokaa Same mwaka 1945

Kuna kisa ambacho kila mtoto wa Same angepaswa kukijua kama anavyojua jina la baba yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ya Waingereza pamoja na watawala wa jadi waliweka kodi mpya katika Upare, kila mtu akadiriwe kwa kadiri ya mali yake, nao wakaipa jina la mbiru, lililokuwa jina la ada ya kale. Watu hawakukataa kuchangia. Walikataa namna ya kukadiriwa, maana waliona ndani yake upendeleo na uonevu. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani wakaja hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakuja kupigana. Walikaa wakingoja kusikilizwa. Mwaka 1946 akina mama wa Usangi, ambayo leo iko Wilaya ya Mwanga, nao waliwakabili wakubwa wa serikali, wakilalamika kwamba nyumba zao zimebaki bila waume. Upinzani huo uliendelea kwa muda mrefu, na hatimaye kodi ile iliondolewa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa milima hii, aliandika habari hizo katika kitabu chake juu ya mbiru kilichotoka mwaka 1971.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu moja. Kukasirika siku moja ni kazi rahisi. Kundi lolote laweza kukasirika Jumatatu na kusahau Jumatano. Lakini kukaa, na kuendelea kukaa, huku migomba inangoja na mahindi yanangoja na watoto wanataka kula, hakuwezekani kwa watu wasiozoea kupeana zamu. Sidhani ni bahati tu kwamba waliofanya hivyo ni wana wa watu wa ndiva na msaragambo. Walikuwa wamefanya mazoezi ya uvumilivu maisha yao yote, mfereji kwa mfereji.

Mjane wa Injili ya Luka alimshinda kadhi dhalimu kwa njia iyo hiyo. Hakuwa na wakili wala fedha. Alikuwa na ratiba: alimwendea tena na tena mpaka yule kadhi akachoka. Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo. Yesu alitoa mfano huo, asema Luka, ili kuwafundisha watu kusali siku zote bila kukata tamaa. Sala na kudai haki amevitia katika mfano mmoja, wala hakuona haja ya kuvitenganisha.

Jumuiya inayokutana msibani

Sasa nije kwetu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walichagua jumuiya ndogo ndogo kuwa njia ya kulijenga Kanisa, na mwaka 1976 walikutana Nairobi kulishughulikia jambo hilo hilo. Walitaka familia chache za jirani zikutane kila juma, zisome Neno, zisali, na kutazama shida zilizo kati yao. Kila juma, ndugu zangu. Lakini baadhi ya jumuiya zetu hukutana kwa mambo matatu: msiba, mchango, na padre akija.

Jumuiya ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi ya haki, hata ikichagua mjumbe wa Haki na Amani na kumpa daftari. Fikirini. Mama anapigwa na mumewe. Atasema lini? Hatasema siku ya kwanza. Atakuja juma la kwanza akae kimya. Juma la pili atakuja na kanga imefunika shavu. Juma la tano, baada ya sala, wakati wengine wanakunja mikeka, atamwambia mama mwenzake jirani. Maneno ya namna hiyo hutoka mahali palipozoeleka tu. Mkikutana mara moja kwa miezi mitatu, kila mkutano ni mkutano wa kwanza, na siku ya kwanza hakuna anayesema.

Hali ni hiyo hiyo kwa fedha. Mahali ambapo hesabu ya mfuko wa jumuiya husomwa kila mwisho wa mwezi, mtunza hazina analala usingizi na wanajumuiya wanalala usingizi. Hakuna anayemwambia mwingine mwizi, kwa kuwa kusomwa kwa hesabu ni desturi wala si tuhuma. Mahali ambapo hesabu husomwa siku watu wameanza kunong'ona, hata mtunza hazina mwaminifu atasimama akitetemeka kama mshitakiwa. Wangapi wamelihama Kanisa kwa aibu ya daftari lililoitishwa ghafla?

Nawasifu hapa makatekista wetu. Vigango vya mbali milimani havipati padre kila Dominika. Wakati wa masika, barabara ikiteleza, hata kwa pikipiki hakufikiki. Kengele hugongwa hata hivyo, masomo husomwa, wagonjwa hutajwa kwa majina. Imani ya watu imeshikwa na watu hawa, ambao posho yao ni ndogo kiasi kwamba naona haya kuitaja mbele yenu, na hilo nalo ni suala la haki ambalo halmashauri za parokia zinapaswa kuliweka katika ajenda yake.

Pumziko la mtumishi

Kumbukumbu la Torati yaagiza kwamba mfanyakazi maskini alipwe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijachwa, maana anautegemea. Saa ya haki imetajwa pale waziwazi, ni jua kuchwa. Malipo yanayokuja "tukishauza tangawizi" au "mwanangu akituma" yamekwisha kupita saa yake, na usiku ule watoto wa kibarua wamelala na njaa ambayo fedha ya mwezi ujao haitaiondoa. Ni kizibo kisichofungwa jioni.

Na amri ya sabato yenyewe, ukiisoma katika kitabu hicho, haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake. Yamtaja mtumishi wa kiume na wa kike, mgeni, ng'ombe na punda. Tuangalie basi ndani ya nyumba zetu. Familia nzima imevaa vizuri, imekwenda Misa ya pili. Msichana wa kazi amebaki na mtoto mchanga, sufuria na ufuo wa nguo. Hakwenda Misa ya kwanza kwa sababu alikuwa akiwapigia pasi waendao ya pili. Ametoka kijijini akiwa na miaka michache tangu Kipaimara, na katika nyumba ya Wakatoliki Dominika imemwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa kila mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila juma, na msichana huyo ni mfanyakazi. Mlinzi wa usiku ni mfanyakazi. Kijana anayeendesha pikipiki ya mwenye mali, naye anatakiwa kuleta hesabu kila siku bila kujali Pasaka wala Krismasi, naye ana mama aliyembatiza. Ninyi wenye pikipiki mlioko hapa, na ninawajua, kaeni na vijana wenu mpatane siku isiyo na hesabu.

Neno langu la mwisho ni kwa akina baba. Nimesema juu ya sala ya asubuhi na ya jioni. Yupo mama anayenisikiliza hapa akisema moyoni, "Padre huyu hajui saa zangu." Saa kumi na moja yuko njiani na ndoo. Saa kumi na mbili anawasha moto. Mchana shambani, jioni kuni, usiku vyombo. Ukimwongezea Rozari juu ya hayo yote na ukaiita ratiba ya Kikristo, umemwongezea mzigo, na sala katika nyumba ile itakuwa ya mtu mmoja anayesinzia. Ratiba ya sala katika familia haianzi na sala, inaanza na ndoo. Baba na vijana wa kiume wakikubaliana siku zao za kuchota maji, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wasiziache hata mvua ikinyesha, mama atapata nusu saa ya kukaa chini, na hapo familia itasali pamoja. Jumuiya zetu zitakapokutana juma lijalo, naomba kabla ya somo kila baba aitaje siku yake mbele ya wenzake, na katibu aiandike katika daftari la jumuiya.